Waliosafiri: Wasiwasi, Familia na Riwaya ya Zanzibar Baada ya 1964

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya fasihi tumezoea kuuliza swali moja kila tunapofungua riwaya ya Zanzibar: nani anamnyonya nani? Swali ni zuri, na limetusaidia sana. Ukiwa na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi mkononi, swali hilo linakufungulia mlango mara moja. Huku yuko Fuad mwenye mashamba, huku yuko Kijakazi anayemtumikia, na mwanafunzi anajaza kurasa nne za mtihani bila ya jasho kumtoka. Lakini nimekuwa nikijiuliza kwa muda sasa, na leo nataka niwachokoze wenzangu na walimu wetu: hivi katika hesabu hiyo ya mwinyi na kijakazi, yule karani anakaa wapi? Mwalimu wa shule ya msingi je? Na fundi cherehani mwenye nyumba ya vyumba vitatu na watoto sita? Huyu hakuwa na shamba la kunyang'anywa, wala hakuwa mkulima akapewa eka tatu. Na baada ya 1964 wengi wa namna yake walikaa kitako usiku, milango imefungwa, wakaamua kuondoka.

Makala haya yanahusu uamuzi huo. Hoja yangu ni moja. Historia iliyoandikwa inawajua vizuri watu waliopatwa na jambo: aliyeuawa, aliyefungwa, aliyefukuzwa, aliyepewa ardhi. Haimjui mtu ambaye bado hajapatwa na kitu lakini anaona kitakuja. Kazi ya kumjua huyo ni ya fasihi zaidi kuliko ya kumbukumbu za serikali, na uhakiki wetu wa Kiswahili bado haujamwekea kiti. Nitaanza na maneno, nipite kwenye historia, nieleze nyumba moja ninayoijua, kisha nirudi kwenye vitabu.

Kufukuzwa, kukimbia, kuondoka

Sisi ni watu wa lugha, basi tuanze na maneno. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema tu "walihama", kana kwamba wote walihama namna moja. Si kweli.

Kuna kufukuzwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wametoka. Zanzibar nako, mwaka 1964, Waarabu wengi wa Kimanga walipakiwa vyomboni wakarudishwa Arabuni. Anayefukuzwa haamui. Ameamuliwa.

Kuna kukimbia. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964 Sultani Jamshid bin Abdullah aliingia melini na watu wake. Mombasa hawakumpokea, akafika Dar es Salaam na mwishowe Uingereza. Baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji tarehe 27 Januari 2001, zaidi ya watu 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa watu, ikawa imetoa wakwake. Anayekimbia anaamua, ndiyo, lakini anaamua kwa miguu. Nafasi ya kukaa na kupima hana.

Halafu kuna kuondoka. Huyu hakuna aliyemwambia atoke. Risasi haijapigwa mlangoni pake. Watoto wanakwenda shule, sufuria iko jikoni. Alichonacho ni wasiwasi tu. Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, ule unaomwingia mtu moyoni asijue umetoka wapi. Ni neno lenye hekima. Hofu unaweza kuionyesha kwa kidole: ile pale. Wasiwasi huwezi. Ndiyo maana mtu aliyeondoka kwa wasiwasi hupata taabu kueleza kwa nini aliondoka, hata kwa wanawe mwenyewe.

Hali ilivyokuwa

Wazee wetu huziita zile za 1957 hadi 1963 "zama za siasa". Visiwa vya watu kama laki tatu vilipiga kura mara nne: 1957, Januari 1961, Juni 1961 na Julai 1963. Uchaguzi wa Juni 1961 ulizaa ghasia zilizoua watu 68. Ule wa 1963 uliwapa ASP asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP wakaunda serikali, na uhuru ukapatikana tarehe 10 Desemba 1963. Ulidumu mwezi mmoja na siku mbili. Mapinduzi yalipokuja yaliua maelfu, na idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Tarehe 26 Aprili mwaka uleule Zanzibar na Tanganyika zikaungana.

Lazima tuseme kweli yote. Kwa mtu wa shamba aliyekuwa akilima chini ya minazi ya mwingine, Mapinduzi hayakuwa neno tu. Ardhi ilitaifishwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu, ada za shule zikaondolewa, nyumba za Michenzani zikapanda juu. Atakayeandika historia ya waliohama akayaruka hayo ameandika nusu.

Na nusu ya pili ni hii. Kuanzia 1964 hadi 1980 Wazanzibari hawakupiga kura kumchagua rais wao. Kutoka visiwani kulihitaji ruhusa, na ruhusa haikuwa rahisi. Mali za waliokimbia zilichukuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chakula kilikuwa cha foleni na mgao, ilhali karafuu zikiuzwa nje na fedha zikiwekwa akiba. Wangazija, ambao wengi wao walikuwa makarani na walimu wa vizazi kadhaa mjini, waliambiwa kuwa ni raia wa Ufaransa. Wakatakiwa waukane uraia ambao wengi wao hawakuwahi kuutumia, na wengi wakapoteza kazi serikalini. Mwaka 1970 wasichana wa jamii ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Habari hiyo ilivuka mpaka magazeti ya nje, lakini mitaani ilikuwa imeshafika zamani. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Abeid Amani Karume akauawa. Mamia ya watu walikamatwa, na kesi ya uhaini ikafuata.

Nje nako kulikuwa kunabadilika. Julai 1970 Sultani Qaboos alishika madaraka Oman na kuwaita watu wenye elimu warudi kujenga nchi. Dubai ilikuwa inaanza kuchangamka. Mombasa ilikuwa palepale, na karibu kila nyumba ya Unguja na Pemba ilikuwa na mtu Mombasa. Basi ndani kuna mnong'ono, nje kuna mlango. Lakini mlango kuwa wazi hakumfanyi mtu atoke. Mpaka ndani ya nyumba paamuliwe.

Nyumba moja

Nyumba ninayoijua ni ya upande wa mama yangu. Majina sitayataja, maana wengi wao wako hai na hawakuniomba niwaandike.

Babu mzaa mama alikuwa karani, asili yake Mngazija. Babu yake yeye ndiye aliyetoka Ngazija. Yeye mwenyewe Ngazija hakuiona mpaka anakufa. Walikaa Ng'ambo, na watoto walikuwa sita: mtoto wa kiume mkubwa, mabinti wanne wa miaka 17, 15, 11 na 8, kisha kitinda mimba wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Mama yangu ndiye yule wa miaka minane. Ndani pia alikuwemo mama yake babu, ambaye wote walimwita Bibi Mkubwa.

Siku moja babu aliambiwa kazini asije mpaka atakapoitwa. Hakuitwa. Lakini kila asubuhi aliendelea kuvaa shati lake jeupe, akachukua mkoba, akatoka saa moja na nusu, akaenda kukaa kwa rafiki yake fundi wa saa mpaka saa nane, ndipo akarudi. Alifanya hivyo karibu mwaka mzima, ili majirani wasijue. Wengine walijua, bila shaka. Lakini mtaa ule ulikuwa na adabu ya kutojua.

Sasa, nani aliyeamua kuondoka? Hapa ndipo historia ya mdomo inapokuwa tamu na ngumu. Mjomba wangu mkubwa, ambaye amekaa Dubai miaka mingi, husema: "Tulikimbia siasa." Bibi, kabla hajafariki, nilipomwambia maneno hayo alicheka kwa dharau. "Siasa! Siasa alikuwa nayo nani, mjukuu wangu? Mimi nilikuwa na mabinti na ratili ya unga. Na wala hatukukimbia. Mtu anayekimbia hafungi mzigo."

Kwa bibi jambo lilianza na habari za wale wasichana wa 1970. Alimwambia babu: "Wewe unangoja kuitwa kazini. Mimi nangoja nini, kugongewa mlango?" Babu alijibu kwamba wao si watu wakubwa, nani atawaangalia. Bibi akasema: "Kwani lazima uwe mkubwa ndio uonekane?" Mazungumzo hayo hayakwisha usiku mmoja. Kwa hesabu ya bibi yalichukua miezi kumi na minne, kidogo kidogo, watoto wakishalala. Hakuna aliyeandika chochote. Ukitafuta katika nyaraka zozote za miaka ile hutaona alama ya kwamba nyumba hiyo ilikuwa na jambo.

Walijiwekea masharti matatu. La kwanza, hakiuzwi kitu. Ukiuza kitanda umeshatangaza. La pili, haiagwi nafsi yoyote, hata ndugu wa damu. La tatu, watoto wadogo hawaambiwi. Hebu tuyatazame masharti hayo kwa jicho la kihistoria. Tumezoea kufikiri kwamba mhamaji ni mtu anayekusanya: nauli, karatasi, nguo. Hawa walitakiwa waache kila kitu mahali pake, mashuka yametandikwa, pazia dirishani, ili nyumba iendelee kuonekana nyumba.

Likaja swali zito kuliko yote, nalo ndilo lililonifanya niandike. Nani anabaki? Bibi Mkubwa alikataa katakata kwenda, akasema makaburi yake yako hapa. Babu hawezi kumwacha mama yake. Lakini nyumba ya watu wawili wazima, iliyokuwa na watoto sita jana, itaulizwa. Nyumba yenye mtoto anayetoka kila asubuhi na mkoba kwenda shule ni nyumba ambayo wenyewe hawajaondoka. Kijana mkubwa angetoka kwanza kwa ruhusa ya kwenda Dar es Salaam kutibiwa. Mabinti watatu wakubwa ndio waliokuwa sababu ya safari, hawawezi kubaki. Wa kunyonya hawezi kutenganishwa na mamake. Ukiondoa mmoja mmoja, anabaki mmoja tu: wa miaka minane, mdogo mno kuposwa, mkubwa wa kutosha kumtumikia bibi yake na kwenda shule. Mama yangu ndiye aliyeachwa awe ushahidi kwamba familia haijahama.

Waliondoka mwaka 1971, wakati wa kusi, upepo unaopeleka vyombo kaskazini, kutoka kijiji kimoja cha wavuvi upande wa juu wa Unguja. Mama alilala na dada zake usiku, asubuhi akaamka peke yake kitandani. Aliambiwa mama amesafiri, amekwenda kumuuguza khale. Shuleni walipomuuliza mama yako yuko wapi, akajibu "amesafiri". Atarudi lini? "Khale akipona." Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya Aprili, babu naye alichukuliwa akaulizwa swali lilelile kwa siku tisa, akatoa jibu lilelile. Kwa bahati majibu ya mtoto na ya baba yalikuwa yamelingana.

Bibi alirudi 1985, hali ilipokuwa imelegea. Mama yangu alikuwa na miaka 22, ameshaolewa. Alikwenda bandarini kumpokea mwanamke ambaye hakumtambua mpaka alipooneshwa, na kwa muda mrefu, anasema mwenyewe, ulimi ulikataa kumwita mama. Mama alikuwa Bibi Mkubwa, na huyo alishakufa.

Siandiki haya kumlaumu yeyote. Bibi aliokoa mabinti watatu kwa kadiri alivyoona, na labda wasingefikwa na lolote kama wangebaki. Hatutajua. Huo ndio mtihani wa wasiwasi: uamuzi ukifaulu, hakuna kinachotokea, na baadaye watu huuliza kwani mliondoka kwa nini. Ninachokataa ni ile sentensi nyepesi tunayoiandika kila siku, "familia ilihama". Familia haikuhama. Familia ilikaa ikaamua igawanyike vipi.

Barua kama fasihi

Zimebaki barua kumi na saba katika kopo la biskuti, za kutoka Mombasa na baadaye Dubai, kuanzia 1971 hadi 1978. Mara ya kwanza nilipozisoma niliona hazina kitu. Salamu nyingi, hali ya hewa, bei za vitu. Mama ndiye aliyenisomesha. "Huku mvua kubwa, msianike" maana yake msije sasa. "Karafuu huku hazijapanda bei" maana yake mjomba hajapata kazi. "Mtoto wa paka amefumbua macho" maana yake karatasi za mdogo wao zimepatikana. Walijua kwamba barua hufunguliwa njiani, basi wakaandika kwa fumbo.

Na kwani fumbo si letu? Tunasoma mafumbo katika ushairi wa kale wa pwani, tunafundishwa kwamba washairi walijibizana kwa lugha ya ndani ili asiyehusika apite asielewe. Tunachambua majina ya kanga, tunasema mwanamke wa pwani husema kwa nguo asiyoweza kusema kwa mdomo. Basi hapa tuna mwanamke aliyechukua mbinu hiyohiyo, akaitumia miaka saba kuendesha nyumba mbili zilizotenganishwa na bahari. Hakuwa mshairi. Darasa la nne alikomea. Lakini ukitaka kuonesha kwamba fumbo lilikuwa chombo cha kazi katika karne ya 20, ushahidi uko katika kopo hilo zaidi kuliko katika diwani nyingi.

Katika barua moja kuna sentensi isiyo fumbo hata kidogo. Bibi ameandika kwamba amenunua doti ya kanga, ameikata, kipande kimoja anampelekea binti yake, na cha pili anacho yeye. Hakueleza zaidi, akaendelea na salamu za majirani. Nimeisoma sentensi hiyo nikafikiri ni mara ngapi tumeambiwa darasani kwamba mwandishi bora ni yule anayejua kunyamaza mahali pake.

Riwaya iko wapi?

Sasa turudi kwenye vitabu. Tukichukua riwaya za Kiswahili za Zanzibar zinazosomwa zaidi vyuoni, tunaona nini? Kasri ya Mwinyi Fuad inatupa ulimwengu wa shamba kuelekea Mapinduzi. Vuta N'kuvute (1999) inatupa mji wa kikoloni na harakati za kupigania uhuru. Haini (2003), ambayo Adam Shafi aliiandika akiwa mtu aliyeonja jela mwenyewe baada ya 1972, inatupa waliokamatwa na walioteswa, na ilihitaji moyo kuiandika. Mbali na Nyumbani (2013) ya mwandishi huyohuyo inatupa safari ya kijana aliyeondoka Zanzibar akitaka kufika Ulaya. Nje ya riwaya tunacho Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! (2010) cha Harith Ghassany, kitabu cha historia kwa Kiswahili, kinachochimba Mapinduzi yenyewe yalipangwa vipi.

Hii ni hazina, wala sitaki kuonekana ninaibeza. Lakini tazama mpangilio wake: kabla ya Mapinduzi, Mapinduzi, jela, kijana msafiri. Ile meza ya usiku, mume na mke wanahesabu watoto nani aende nani abaki, haijapata nafasi ya katikati katika vitabu tunavyofundishana.

Aliyeishika kazi hiyo kwa maisha yake yote ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar 1948, akaondoka kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakuweza kurudi mpaka 1984, akamwahi baba yake muda mfupi kabla hajafa. Katika Admiring Silence (1996) tunakutana na mtu anayewatungia watu wa Uingereza hadithi za uongo kuhusu kwao. Katika By the Sea (2001) mzee Saleh Omar anatua Gatwick kwa jina lisilo lake, na ameshauriwa asiseme neno la Kiingereza. Katika Gravel Heart (2017) kijana anapelekwa London kwa mjomba wake huku nyuma nyumba imevunjika kwa siri ambayo haambiwi. Ukizisoma unaijua nyumba ya bibi yangu, siri zake na masharti yake. Lakini ziliandikwa kwa Kiingereza. Paradise ilitoka 1994, na Kiswahili chake, Peponi, kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis, kilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobeli. Ilibidi Stockholm waseme ndio na sisi tusome.

Kwa nini imekuwa hivyo? Naona sababu tatu. Ya kwanza ni ya wazi: aliyebaki hakuwa na uhuru wa kuandika, na aliyeondoka aliishi akasoma na kuchapishwa katika lugha ya alikokwenda. Ya pili ni aibu ya pande mbili. Aliyeondoka anaogopa kuitwa msaliti, aliyebaki anaogopa kuonekana aliyeachwa, basi wote wanakubaliana kusema "alisafiri" na mazungumzo yanaishia hapo. Ya tatu inatuhusu sisi wahakiki. Tumerithi kutoka kwa walimu wa miaka ya 1970 na 1980 chombo kizuri cha utabaka, nacho humpima mhusika kwa kile anachomiliki. Karani asiyemiliki kitu, asiyenyonya wala kukamatwa, anapita kwenye matundu ya wavu huo kama dagaa.

Najua nitajibiwa. Mwenzangu mmoja alishaniambia: "Ati unataka tuwalilie mabwana waliopoteza mashamba?" Hapana. Bibi yangu hakupoteza hata mnazi mmoja, maana hakuwa nao. Ndiyo hoja yenyewe. Tukisema kila aliyeondoka alikuwa bwana, tumemfuta yeye. Tukisema kila aliyeondoka alionewa, tumemfuta mkulima wa eka tatu ambaye mwaka 1964 alilala kwa mara ya kwanza juu ya ardhi yake. Riwaya ina uwezo wa kuwaweka hawa wawili mtaa mmoja, kila mmoja na haki yake, wakipishana asubuhi, huyu anakwenda konde, yule anakwenda na mkoba mtupu kwa fundi wa saa. Hotuba haiwezi kufanya hivyo, na kitabu cha historia hupata shida.

Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba kuondoka kwa wasiwasi wa kisiasa ni jambo lenye historia yake, tofauti na kufukuzwa na kukimbia, na kwamba mahali pa kuitafuta historia hiyo ni ndani ya nyumba, katika hesabu ya nani aende nani abaki. Nimeonesha pia kwamba Kiswahili hakikunyamaza. Kilisema kwa barua na kwa fumbo, ila sisi hatukuhesabu hiyo kuwa fasihi.

Nina mapendekezo mawili. Kwanza, walimu wetu watukubalie barua za kifamilia ziwe mada ya tasnifu, kama tunavyokubaliwa majina ya kanga na nyimbo za harusi. Wanafunzi wa Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa wanazo majumbani, na wazee wanaoweza kuzifumbua wanapungua kila mwaka. Barua ya fumbo ikikosa wa kuifumbua inabaki kuwa habari za mvua na bei ya karafuu. Pili, siku nyingine tutakapopewa swali la kujadili utabaka katika riwaya ya Zanzibar, tuongeze kifungu cha pili: mtaje mtu ambaye riwaya hii haimwoni, na ueleze kwa nini.

Asiyekubaliana nami na aandike. Ukurasa upo, na mimi niko tayari kusoma.